Bunge la Kwanza la Marekani

Bunge la Kwanza la Marekani lilikuwa bunge la kwanza kukutana chini ya Katiba ya Marekani. Kipindi chake kilianza tarehe 4 Machi 1789 na kumalizika tarehe 4 Machi 1791, wakati ambao karibu unalingana na miaka miwili ya kwanza ya urais wa George Washington. Lilikuwa na mabaraza mawili: Seneti, ambayo mwishoni ilikuwa na maseneta 26, na Baraza la Wawakilishi, ambalo lilikuwa na viti 65.

Orodha nyingi za leo huwagawa wajumbe wake katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni wale waliounga mkono serikali ya Washington: maseneta 18 na wawakilishi 37. Kundi la pili ni wale walioipinga: maseneta 8 na wawakilishi 28. Hata hivyo, majina na hesabu hizo ziliwekwa baadaye na wanahistoria. Mwaka 1789 Marekani haikuwa na chama chochote cha siasa cha kitaifa, na Katiba yake haikutaja vyama. Wajumbe walichaguliwa kwa majina yao na kwa niaba ya majimbo yao. Makundi yalijitokeza ndani ya bunge lenyewe, kutokana na hoja zilizojadiliwa humo, hasa deni la taifa, mahali pa mji mkuu na benki ya taifa.

Usuli

Kabla ya mwaka 1789 majimbo 13 ya Marekani yaliunganishwa na Mkataba wa Shirikisho. Chini ya mkataba huo kulikuwa na bunge la baraza moja, ambamo kila jimbo lilikuwa na kura moja bila kujali ukubwa wake. Bunge hilo halikuwa na mamlaka ya kutoza kodi, hivyo lilishindwa kulipa madeni ya vita vya uhuru dhidi ya Uingereza.

Mwaka 1787 wajumbe wa majimbo walikutana Philadelphia na kuandika katiba mpya. Majimbo makubwa yalitaka uwakilishi ufuate idadi ya watu, na majimbo madogo yalitaka usawa. Mapatano yaliyofikiwa yaliunda mabaraza mawili. Katika Seneti kila jimbo lilipata maseneta wawili, ambao walichaguliwa na bunge la jimbo kwa kipindi cha miaka sita. Katika Baraza la Wawakilishi viti viligawanywa kulingana na idadi ya watu, na wajumbe wake walichaguliwa na wananchi wenye haki ya kupiga kura kwa kipindi cha miaka miwili.

Katika kuhesabu watu, Katiba iliongeza kwenye idadi ya watu huru si nusu wala wote, bali sehemu tatu kati ya tano za watumwa. Watumwa wenyewe hawakuwa na kura. Kanuni hiyo iliyapa majimbo ya kusini viti vingi kuliko ambavyo yangepata kwa kuhesabu watu huru peke yao.

Mgawanyo wa viti

Kwa kuwa sensa ya kitaifa ilikuwa haijafanyika, Katiba yenyewe ilitaja idadi ya viti vya kila jimbo katika Baraza la Wawakilishi:

- Virginia: 10
- Massachusetts: 8
- Pennsylvania: 8
- New York: 6
- Maryland: 6
- Connecticut: 5
- North Carolina: 5
- South Carolina: 5
- New Jersey: 4
- New Hampshire: 3
- Georgia: 3
- Delaware: 1
- Rhode Island: 1

Jumla yake ni viti 65. Lakini bunge lilipoanza, North Carolina na Rhode Island zilikuwa hazijaikubali Katiba, kwa hiyo hazikuwa na wajumbe. Viti halali vilikuwa 59 katika Baraza la Wawakilishi na 22 katika Seneti.

Uchaguzi

Kila jimbo liliendesha uchaguzi wake kwa namna yake. Pennsylvania, New Jersey, Connecticut na New Hampshire zilichagua wawakilishi kwa kura za jimbo zima. Massachusetts, New York, Virginia na South Carolina ziligawanywa katika wilaya za uchaguzi.

Suala kuu katika kampeni lilikuwa Katiba yenyewe. Wale walioitetea waliitwa Wafederali, na wale walioipinga au kutaka irekebishwe kwanza waliitwa wapinzani wa Wafederali. Hivi havikuwa vyama vyenye viongozi, wanachama na ofisi. Yalikuwa majina ya misimamo miwili juu ya swali moja, na swali hilo lilikuwa karibu kupata jibu.

Watetezi wa Katiba walishinda viti vingi sana katika mabaraza yote mawili. Virginia ilikuwa tofauti. Bunge la jimbo hilo, ambalo Patrick Henry alikuwa na nguvu kubwa ndani yake, liliwachagua maseneta wawili waliokuwa wameipinga Katiba: Richard Henry Lee kwa kura 98 na William Grayson kwa kura 86. James Madison, aliyekuwa na mchango mkubwa katika kuiandika Katiba, alipata kura 77 na kuukosa useneta. Baadaye Madison aligombea kiti katika Baraza la Wawakilishi dhidi ya James Monroe na kumshinda kwa kura 1,308 dhidi ya 972. Katika kampeni hiyo aliahidi kutetea marekebisho ya Katiba yatakayolinda haki za raia. Wagombea hao wawili walikuja kuwa marais wa nne na wa tano wa Marekani.

Kuanza kwa bunge

Bunge lilitakiwa kuanza tarehe 4 Machi 1789 mjini New York, katika jengo la Federal Hall. Siku hiyo walifika maseneta 8 na wawakilishi 13 tu, idadi ambayo haikutosha kufanya kazi. Safari za wakati huo zilikuwa za farasi, magari ya farasi na merikebu, na barabara zilikuwa mbaya mwishoni mwa majira ya baridi.

Baraza la Wawakilishi lilifikisha akidi ya wajumbe 30 tarehe 1 Aprili. Siku hiyohiyo lilimchagua Frederick Muhlenberg wa Pennsylvania, aliyewahi kuwa mchungaji wa Kilutheri, kuwa Spika wa kwanza. Seneti ilifikisha akidi ya watu 12 tarehe 6 Aprili. Aliyeikamilisha akidi hiyo ni Richard Henry Lee, mmoja wa wapinzani mashuhuri wa Katiba.

Kazi ya kwanza ya Seneti ilikuwa kumchagua John Langdon wa New Hampshire kuwa mwenyekiti wa muda, ili kura za urais zihesabiwe mbele ya mabaraza yote mawili. George Washington alipata kura zote 69 za wateule, na John Adams alipata 34 na kuwa Makamu wa Rais. Washington aliapishwa tarehe 30 Aprili 1789 kwenye roshani ya Federal Hall.

Bunge lilifanya vikao vitatu. Cha kwanza kilimalizika tarehe 29 Septemba 1789. Cha pili kilianza tarehe 4 Januari 1790 hadi tarehe 12 Agosti 1790. Vyote viwili vilifanyika New York. Kikao cha tatu kilifanyika Philadelphia, kuanzia tarehe 6 Desemba 1790 hadi tarehe 3 Machi 1791.

Wajumbe wa Seneti

Wafuatao ndio waliokuwa maseneta katika Bunge la Kwanza:

- Connecticut: Oliver Ellsworth na William Samuel Johnson
- Delaware: Richard Bassett na George Read
- Georgia: William Few na James Gunn
- Maryland: Charles Carroll na John Henry
- Massachusetts: Tristram Dalton na Caleb Strong
- New Hampshire: John Langdon na Paine Wingate
- New Jersey: Jonathan Elmer na William Paterson, halafu Philemon Dickinson badala ya Paterson
- New York: Rufus King na Philip Schuyler
- North Carolina: Benjamin Hawkins na Samuel Johnston
- Pennsylvania: William Maclay na Robert Morris
- Rhode Island: Theodore Foster na Joseph Stanton
- South Carolina: Pierce Butler na Ralph Izard
- Virginia: Richard Henry Lee na William Grayson, halafu John Walker na baadaye James Monroe badala ya Grayson

Maseneta wa New York walichelewa hadi Julai 1789, kwa sababu mabaraza mawili ya bunge la jimbo hilo yalishindwa kukubaliana juu ya namna ya kuwachagua.

Katiba ilitaka theluthi moja ya maseneta wachaguliwe kila baada ya miaka miwili. Kwa hiyo Mei 1789 maseneta waligawanywa katika makundi matatu, na kura ya bahati nasibu iliamua kundi lipi lingemaliza muda wake mwaka 1791, lipi mwaka 1793 na lipi mwaka 1795. Bahati hiyo ilikuwa na matokeo ya kisiasa. Philip Schuyler, baba mkwe wa Waziri wa Fedha Alexander Hamilton, aliangukia kipindi kifupi. Ulipofika uchaguzi uliofuata bunge la New York lilimwondoa na kumchagua Aaron Burr.

Seneti ilifanya mijadala yake kwa siri. Ndiyo maana sehemu kubwa ya yale yanayojulikana juu ya mijadala hiyo imetoka katika shajara ya William Maclay wa Pennsylvania, aliyekuwa akiandika kila siku mambo aliyoyasikia na kuwakosoa vikali Adams na Hamilton. Baraza la Wawakilishi, kinyume chake, lilifungua milango tangu mwanzo, na magazeti yaliandika hotuba za wajumbe wake.

Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi

Mjumbe mwenye ushawishi mkubwa kuliko wote alikuwa James Madison wa Virginia. Wengine waliojulikana sana ni Fisher Ames na Elbridge Gerry wa Massachusetts, Roger Sherman wa Connecticut, Elias Boudinot wa New Jersey, Thomas Fitzsimons na George Clymer wa Pennsylvania, Daniel Carroll wa Maryland, William Loughton Smith na Aedanus Burke wa South Carolina, pamoja na Abraham Baldwin na James Jackson wa Georgia.

Wajumbe wengi walikuwa na uzoefu wa siasa. Watu 20 kati ya maseneta na wawakilishi walikuwa wamehudhuria mkutano ulioandika Katiba mwaka 1787. Wanane walikuwa wametia sahihi Tangazo la Uhuru la mwaka 1776: Carroll wa Seneti, Clymer, William Floyd, Gerry, Lee, Morris, Read na Sherman. Kwa kazi zao, wengi walikuwa wanasheria, wafanyabiashara au wenye mashamba makubwa. Walio wengi walikuwa Waprotestanti. Wakatoliki walikuwa wachache, wakiwemo Charles Carroll, Daniel Carroll na Fitzsimons.

Ubishi wa kwanza juu ya uhalali wa mjumbe ulimhusu William Loughton Smith. Mpinzani wake, David Ramsay, alidai kwamba Smith hakuwa ametimiza miaka saba ya uraia iliyotakiwa na Katiba, kwa kuwa alikuwa Ulaya wakati wa vita vya uhuru. Tarehe 22 Mei 1789 Baraza lilikubali uhalali wa Smith kwa kura 36 dhidi ya 1.

Mabadiliko katika kipindi cha miaka miwili

North Carolina iliikubali Katiba tarehe 21 Novemba 1789. Maseneta wake wawili na wawakilishi wake watano waliingia bungeni kwa nyakati mbalimbali katika miezi iliyofuata. Mmoja wao, John Sevier, alichaguliwa na watu wa magharibi ya milima ya Appalachia, katika eneo ambalo North Carolina ililikabidhi kwa serikali kuu mwaka 1790 na ambalo baadaye likawa jimbo la Tennessee.

Rhode Island ilibaki nje kwa muda mrefu zaidi. Mei 1790 Seneti ilipitisha mswada wa kukata biashara nayo kana kwamba ni nchi ya kigeni. Mkutano wa jimbo hilo uliikubali Katiba tarehe 29 Mei 1790 kwa kura 34 dhidi ya 32. Maseneta wake walifika mwezi Juni, na mwakilishi wake pekee, Benjamin Bourne, aliketi Desemba. Hivyo ni katika kikao cha tatu tu ndipo majimbo yote 13 yalipokuwa na wajumbe katika mabaraza yote mawili.

William Grayson alifariki tarehe 12 Machi 1790, akiwa mjumbe wa kwanza wa Bunge la Marekani kufa akiwa madarakani. John Walker aliteuliwa kushika nafasi yake kwa muda, na Novemba mwaka huo James Monroe alichaguliwa kuichukua. Katika Baraza la Wawakilishi, Theodorick Bland wa Virginia alifariki tarehe 1 Juni 1790 na nafasi yake ikachukuliwa na William Branch Giles. William Paterson alijiuzulu Novemba 1790 ili awe gavana wa New Jersey.

Kutokea kwa makundi

Kikao cha kwanza: umoja wa watetezi wa Katiba

Katika kikao cha kwanza wajumbe wengi walishirikiana kuunda serikali. Walipitisha sheria ya ushuru wa forodha, wakaanzisha wizara za Mambo ya Nje, Vita na Fedha, na wakaunda mahakama za shirikisho kwa sheria ya tarehe 24 Septemba 1789. Madison alikuwa msaidizi wa karibu wa Washington na alishiriki kuiandika hotuba yake ya kwanza kama rais.

Madison pia ndiye aliyewasilisha marekebisho ya Katiba. Baraza la Wawakilishi lilipitisha vifungu 17. Seneti ilivipunguza na kuviunganisha, na Septemba 1789 vifungu 12 vilipelekwa kwa majimbo. Kumi kati yake vilikubaliwa mwaka 1791 na hujulikana kama Hati ya Haki. Kwa hatua hiyo hoja kubwa ya wapinzani wa Katiba ilipoteza nguvu, na mgawanyiko wa zamani ukaanza kufifia.

Haikuwa kwamba hapakuwa na mabishano. Julai 1789, Seneti ilipojadili kama rais anaweza kuwaondoa mawaziri bila idhini yake, kura zililingana, na John Adams alitumia kura yake ya Makamu wa Rais kumpa rais mamlaka hayo. Lakini waliopiga kura pamoja siku moja walitengana siku iliyofuata.

Deni la taifa

Mgawanyiko mpya ulianza Januari 1790, Hamilton alipoliletea bunge taarifa yake juu ya madeni. Alipendekeza hati za deni la vita zilipwe kwa thamani yake kamili kwa yeyote anayezishika. Hati nyingi zilikuwa zimeuzwa na askari na wakulima maskini kwa bei ya kutupa, na zilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wa mijini. Madison alitaka wenye hati wa kwanza nao wapate sehemu ya malipo. Februari 1790 pendekezo lake lilishindwa kwa kura 36 dhidi ya 13.

Hoja ya pili ilikuwa kama serikali kuu ichukue pia madeni ya majimbo. Massachusetts na South Carolina, zilizokuwa na madeni makubwa, ziliunga mkono. Virginia, iliyokuwa imelipa sehemu kubwa ya deni lake, ilipinga. Tarehe 12 Aprili 1790 Baraza la Wawakilishi lilikataa hoja hiyo kwa kura 31 dhidi ya 29.

Kura hiyo inaonyesha jinsi majina ya zamani yalivyokuwa hayasaidii tena. Elbridge Gerry alikuwa amekataa kutia sahihi Katiba mwaka 1787, lakini alitetea mpango wa Hamilton kwa sababu jimbo lake lilikuwa na deni. Madison, aliyeipigania Katiba, aliongoza wanaoupinga. Kila mmoja alisimama na jimbo lake.

Mji mkuu

Wakati huohuo bunge lilikuwa likibishana juu ya mahali pa mji mkuu. New York, Philadelphia, kingo za mto Susquehanna na kingo za mto Potomac zote zilikuwa na watetezi. Juni 1790 Hamilton na Madison walikutana kwa chakula nyumbani kwa Thomas Jefferson, Waziri wa Mambo ya Nje, na kufikia mapatano: baadhi ya wajumbe wa kusini wangebadili kura zao juu ya madeni, na mji mkuu ungejengwa kando ya mto Potomac baada ya serikali kukaa Philadelphia kwa miaka kumi.

Tarehe 9 Julai Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya mji mkuu kwa kura 32 dhidi ya 29. Wiki mbili baadaye lilikubali kuchukua madeni ya majimbo kwa kura 34 dhidi ya 28. Walioigeuza kura ya pili ni wajumbe wachache tu: Richard Bland Lee na Alexander White wa Virginia, pamoja na Daniel Carroll na George Gale wa Maryland. Mji mkuu uliotokana na mapatano hayo ni Washington.

Benki ya taifa

Katika kikao cha tatu Hamilton alipendekeza benki ya taifa. Madison alijibu kwamba Katiba haikulipa bunge mamlaka ya kuanzisha benki. Wanaomuunga mkono Hamilton walisema mamlaka hayo yamo ndani ya mamlaka mengine yaliyotajwa. Tarehe 8 Februari 1791 mswada ulipita kwa kura 39 dhidi ya 20, na karibu wote walioupinga walitoka majimbo ya kusini. Washington aliomba ushauri wa mawaziri wake, waliogawanyika vilevile, kisha akautia sahihi tarehe 25 Februari.

Tofauti ya kura hii na zile za mwanzo ni kwamba haikuwa tu juu ya faida ya jimbo fulani. Ilihusu namna ya kuisoma Katiba na ukubwa wa mamlaka ya serikali kuu. Swali la aina hiyo linaweza kuwaunganisha watu wa majimbo mengi kwa muda mrefu, na ndilo lililokuwa msingi wa vyama vilivyofuata.

Utumwa

Februari 1790 Waquaker na chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania, ambacho rais wake alikuwa Benjamin Franklin, walileta maombi dhidi ya biashara ya watumwa na utumwa wenyewe. Wajumbe wa Georgia na South Carolina waliyapinga kwa ukali. Mwezi Machi Baraza la Wawakilishi lilikubali taarifa iliyosema kwamba bunge halina mamlaka ya kuwaachia huru watumwa ndani ya majimbo. Katika suala hili mpaka ulikuwa wa kijiografia. William Loughton Smith, mmoja wa waungaji mkono wakubwa wa Hamilton katika mambo ya fedha, alikuwa pia kati ya watetezi wakali wa utumwa.

Namna makundi yanavyohesabiwa

Hesabu ya 18 kwa 8 katika Seneti na 37 kwa 28 katika Baraza la Wawakilishi imetokana na kuangalia kura za kila mjumbe na msimamo wake wa baadaye. Ni msaada kwa msomaji anayetaka kuona mwelekeo wa jumla, lakini ina mipaka yake.

Kwanza, mjumbe mmoja hupewa jina moja kwa miaka yote miwili, hata kama alibadilika. Madison huwekwa kati ya wapinzani, ingawa mwaka 1789 alikuwa nguzo ya serikali bungeni. Gerry naye huwekwa kati ya wapinzani, ingawa alikuwa upande wa Hamilton juu ya madeni. Pili, hesabu hiyo hailingani na matokeo ya kura kubwa. Kama kundi la watu 37 lingepiga kura kwa pamoja, mpango wa madeni usingeshindwa Aprili 1790. Tatu, wajumbe wenyewe hawakuyatumia majina hayo. Wengi wao waliamini kwamba vyama ni ugonjwa unaoua jamhuri, na kuitwa mtu wa kundi fulani lilikuwa tusi.

Watu wasiokuwa na uwakilishi

Wajumbe wote wa Bunge la Kwanza walikuwa wanaume weupe. Katika majimbo mengi haki ya kupiga kura ilitegemea kumiliki mali au kulipa kodi. Wanawake karibu kote hawakupiga kura, na watu wa asili ya Amerika hawakuhesabiwa isipokuwa walipokuwa walipa kodi.

Sensa ya kwanza, iliyoamriwa na bunge hilo mwaka 1790, ilihesabu watu 3,929,214, na kati yao karibu 700,000 walikuwa watumwa. Mwaka huohuo bunge lilipitisha sheria iliyowaruhusu wahamiaji weupe walio huru tu kupata uraia. Wajumbe wa kwanza Waafrika-Wamarekani, Hiram Revels katika Seneti na Joseph Rainey katika Baraza la Wawakilishi, waliingia mwaka 1870. Mwanamke wa kwanza, Jeannette Rankin, aliingia mwaka 1917.

Baada ya Bunge la Kwanza

Kabla ya kumaliza muda wake, bunge lilikubali Vermont na Kentucky ziwe majimbo. Vermont iliingia tarehe 4 Machi 1791 na Kentucky mwaka 1792. Kufuatana na sensa, Baraza la Wawakilishi liliongezwa hadi viti 105 kuanzia mwaka 1793. Leo lina wajumbe 435, na Seneti ina maseneta 100.

Makundi yaliyotokea katika bunge hilo yaliendelea kukomaa. Oktoba 1791 gazeti la upinzani, National Gazette, lilianza kutolewa Philadelphia kwa msaada wa Jefferson na Madison. Mwaka 1792 hakuna aliyempinga Washington, lakini wapinzani walimuunga mkono George Clinton dhidi ya Adams kwa nafasi ya Makamu wa Rais. Adams alishinda kwa kura 77 dhidi ya 50. Kufikia uchaguzi wa mwaka 1796 vilikuwepo vyama viwili: Wafederali wa Adams na Hamilton, na Warepublikani wa Jefferson na Madison. Hawa wa pili wasichanganywe na chama cha Republican cha leo, kilichoanzishwa mwaka 1854.

Kwa hiyo wajumbe wote wa Bunge la Kwanza waliingia bila vyama, na bunge hilo lilipovunjwa, mpaka kati ya vyama viwili vya kwanza ulikuwa umeshaanza kuonekana.